Sura ya Tisa: Kaunta ya Jiko la Swarupa

Msichana anayeuza mawe Chimakurti, mji wa machimbo kusini mwa India, hujifunza mapema neno moja la kumkinga: kaka. Mteja akiingia yadini, awe kijana wa pikipiki mpya au mzee aliyebakiwa na meno mawili, anaitwa kaka. Na kule kwao, ukishamwita mwanamume kaka mbele za watu, yamekwisha. Hawezi tena kuleta posa kwenu, na wewe huwezi kumwaza usiku bila kuona haya. Himavati, binti wa mzee Venkayya, alikuwa amewaita kaka wanaume wa wilaya nzima. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akimwita kwa jina lake, na huyo mmoja hakuwa ametia mguu yadini kwa miaka miwili na miezi minne.

Asubuhi hiyo akaja.

Hima alikuwa akimwagia maji bamba la granaiti nyeusi ili vumbi lilitoke na vile vidoa vyake vya dhahabu vionekane. Nyuma yake msumeno mkubwa ulikuwa unanguruma. Msumeno ule ukiwaka, hata radi ikipiga husikii. Utotoni Hima akichapwa alikuwa anakimbilia pale kulia, na mtu hajui. Ghafla ukazimwa. Aliyeuzima ni Subbayya, fundi mzee aliyekata mawe na baba yake tangu ujana wao, na ambaye Hima alimwita baba mdogo. Subbayya hazimi msumeno bure. Huuzima pale tu penye jambo la kusikiliza.

Hima akageuka. Madhav alikuwa langoni, anafuta miwani kwa pindo la shati. Akiwa na hofu hufuta miwani, hata ikiwa safi.

"Hujambo, Hima."

"Sijambo." Ndoo ikamponyoka, maji yakamwagikia miguuni. "Karibu, Madhav."

Jina lilitoka lenyewe. Alikuwa amejiapia kwamba siku akimwona atamwita kaka kama wengine, na hata mbele ya kioo alikuwa amefanya mazoezi. Lakini mapenzi ni kikohozi.

"Umekonda," Madhav akasema.

"Na wewe umenenepa. Naona duka la dawa linakulisha."

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikafa. Wakabaki wanatazamana, na kila mmoja akamwona mwenzake alivyozeeka kwa sababu yake. Subbayya akajitia kutafuta bisibisi.

"Nimeleta oda," Madhav akasema mwishoni. "Kaunta ya jikoni. Nyumba imeshaezekwa."

Hima alikuwa na habari za nyumba hiyo. Mji wa wachonga mawe hauna siri. Alijua ina vyumba vitatu, inatazama mashariki, na kwamba baada ya wiki sita Madhav atamuoa Swarupa, binti wa mjomba wake, waingie pamoja na kuchemsha maziwa jikoni mpaka yafurike, ndipo nyumba iwe nyumba. Akanyoosha mkono wa kushoto, akapokea karatasi, akaisoma.

Akaisoma tena.

Watu wa kule hawajengi kaunta kwa kukisia. Mwashi huomba uzi. Mwanamke atakayepika pale husimama pekupeku, akakunja mkono kama ameshika mwiko, na uzi ukapimwa kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, ukapigwa fundo. Mwashi hushuka kiganja kimoja chini ya fundo, na hapo ndipo jiwe linapolala. Likizidi juu, mabega yatamuuma maisha yake yote. Likipungua, mgongo. Ndiyo maana mama wa kule akiingia jiko la mtu, kwa kuegemea kaunta tu anajua mwenye nyumba ana kimo gani.

Karatasi ilisema: kimo kutoka sakafuni, inchi thelathini na sita. Na chini yake: tundu la kinu cha kusagia chatini, likatwe upande wa kushoto wa jiko.

"Madhav, nani atapika hapa?"

"Unajua."

"Nataka nikusikie."

"Swarupa."

"Swarupa namjua. Mwaka juzi tulisimama naye foleni ya hekaluni, kichwa chake kinanifika hapa." Akagusa bega lake mwenyewe. "Kwa kaunta hii itabidi apike amepanda kigoda. Na kinu kushoto? Ni nani kwenu anayesaga kwa kushoto?"

Madhav akafuta miwani.

"Ulimpima lini?"

"Sikumpima. Mwashi alipiga simu, anataka uzi siku ileile. Nikampa uzi niliokuwa nao."

"Uzi gani?"

Akatia mkono mfuko wa shati, akautoa. Ulikuwa uzi wa bluu wa mafundi, umefifia, umekunjwa vizuri kama barua. Hima hakuhitaji kuutazama mara mbili. Ulitoka kwenye kibunda cha yadi hii hii, siku moja ya mvua, Subbayya ameenda kunywa chai. Hima alisimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, na Madhav akapiga magoti, akabana ncha ya uzi kwa kidole gumba kando ya kisigino chake. Alipofika kwenye kiwiko akapiga fundo, akasema, "Hata nikijenga nyumba ya udongo, Hima, wewe hutainama." Kisha akauliza kinu akiweke wapi, na Hima akamjibu kushoto, kwa kuwa mkono wake ni wa kushoto na hata viboko vya bibi havikuuhamisha.

"Ulikosea," Hima akasema. Sauti yake haikuwa na nguvu.

"Sijui kama nilikosea. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye droo. Jana nimekwenda kuona matofali ya kubebea jiwe yamesimama. Nikakaa pale sakafuni nikalia, Hima. Nimejenga jiko lako."

Kuna maneno mtu huyangoja miaka, na yakija anayachukia kwa kuchelewa kwake. Hima akaligeukia bamba jeusi, akalipangusa mahali ambapo palikuwa pasafi.

"Mnakuja kuchagua jiwe lini?"

"Saa nne. Mama anakuja na Swarupa. Nimetangulia ili..."

"Na mji mzima huu wenye yadi mia, mama yako akaiona ya kwetu?"

"Anasema jiwe la mzee Venkayya halina ufa."

"Anasema hivyo tu?"

Madhav akainamisha kichwa. "Anataka ulikate wewe. Anasema ukilikata kwa mkono wako, utajua yamekwisha."

Mama Annapurna alikuwa hivyo. Miaka miwili iliyopita alisusa chakula siku nne kitandani, kwa kuwa tangu Swarupa akatwe kitovu alikuwa amemwahidi kaka yake kwamba mtoto huyu ni wa Madhav. Wakati huo huo alitangaza kwa majirani aibu za Hima: mrefu kama nguzo, vumbi la mawe kichwani, na anakata mboga kwa mkono wa kushoto. Siku ya tano Madhav alimpelekea bakuli la uji na kumwambia, basi, mama, kula. Mama akala.

"Hima." Alikuwa amesogea karibu. "Kama ningesema hapana leo. Kama ningekataa mbele yao. Je, bado..."

"Mimi sijaolewa, Madhav. Nimerudisha posa tatu, na kila nikirudisha moja baba yangu anakohoa wiki nzima. Unataka nikwambie nini tena?" Macho yalikuwa yamejaa. "Lakini sitasema kwa niaba yako. Mama yako ataiona karatasi hii. Atauliza, kimo hiki cha nani? Wewe jibu. Ni jina moja tu, fupi kuliko majina ya dawa zako. Ukilitaja, nitapanda nyuma ya pikipiki yako na matope haya haya miguuni, wacha wanitukane mpaka wachoke."

"Nitalitaja."

"Usiniapie."

"Nitalitaja, Hima."

Akamwamini. Mwanamke mwenye akili, anayejua ufa wa jiwe kwa kuligonga kwa kidole, akamwamini. Akaenda bombani akanawa uso, akachana nywele kwa vidole, na mbele ya kipande cha kioo akajikuta anatabasamu peke yake.

Saa nne kamili teksi ikasimama langoni. Mama Annapurna alishuka kwanza, mikunjo ya sari yake ya pamba imenyooka kwa pasi. Swarupa akafuata, mdogo, mchangamfu, asmini nywele nzima, simu mkononi.

"Ee, yadi imekua," Mama Annapurna akasema, akitazama kila kitu isipokuwa Hima. "Baba yako hajambo kifua?"

"Yuko ndani amepumzika, mama. Karibuni mketi."

Wakaletewa mtindi mwepesi wenye chumvi na majani ya kuungia mchuzi. Mama Annapurna akanywa bila kugusisha bilauri mdomoni, kama desturi, na akaanza kazi iliyomleta.

"Nataka nyeusi. Ile yenye dhahabu. Mkwe wangu haingii kwenye jiko la jiwe la watu wengine na mlima wa kwetu upo pale unaonekana."

"Shangazi, yule mtaalamu anayepanga nyumba ielekee wapi ipate baraka alisema nyeusi jikoni inaleta huzuni," Swarupa akasema kwa upole.

Subbayya hakuweza kunyamaza. "Binti, mji mzima huu unakula kwa jiwe jeusi tangu mimi nina nywele. Huzuni tunayo, lakini ya kawaida tu."

Swarupa akacheka, akafunika mdomo. Hima alitaka kumchukia na ikamshinda. Ingekuwa rahisi sana kama msichana angekuwa na dharau.

"Mimi nilipenda hii, dada," Swarupa akasema, akimwonyesha simu. Ilikuwa picha ya jiko la marumaru nyeupe tupu, bakuli moja la ndimu juu yake, na hakuna dalili ya mtu aliyewahi kupika humo. "Nyeupe inang'aa. Nikiamka asubuhi nione mwanga."

"Ni nzuri, mdogo wangu. Nisikudanganye, hakuna jiwe zuri kuliko marumaru. Lakini haisahau." Hima akavuta kipande cha marumaru alichokiweka kwa ajili ya maharusi kama huyu. Akachovya kidole kwenye ukwaju, akanyunyiza manjano juu yake, akapaka duara dogo. "Tukiache hapa kidogo. Kisha utakiosha mwenyewe uone."

"Na yale mawe ya kutengenezwa kiwandani? Rafiki yangu wa mjini Ongole ameweka."

"Hayanywi manjano sana. Ila siku moja utasahau sufuria la moto juu yake, liache alama ya duara mpaka wajukuu wako waulize. Granaiti haijali. Weka sufuria, mwaga siki, ponda pilipili. Inavumilia."

"Umeona?" Mama Annapurna akasema. "Inavumilia. Mwanamke na jiko lake."

Muda wote huo Madhav alikuwa amesimama kando ya mabamba, bilauri ya mtindi mkononi, hajanywa. Hima hakumtazama. Alikuwa anamsikia tu, jinsi mtu anavyosikia moto uliopo nyuma yake.

"Haya, vipimo." Mama Annapurna akanyoosha mkono. Hima akampa karatasi.

Yule mama aliisoma polepole, midomo inacheza. Akafika kwenye kimo. Midomo ikasimama.

"Thelathini na sita?"

Nje lori lilipita, likaenda zake.

"Swarupa, simama hapa." Swarupa akasimama kando ya bamba lililoegemezwa, ambalo Subbayya hulichora chaki kila inchi kwa ajili ya wateja. Inchi ya thelathini na sita ilimfika msichana kwenye kiwiko chenyewe. Akainua mkono kana kwamba anakoroga sufuria. Bega likapanda hadi sikioni. Akacheka.

"Shangazi, nitaoga mchuzi!"

Mama Annapurna hakucheka. Alikuwa ameshafika kwenye mstari wa pili, wa kinu kilicho kushoto. Macho yake yakatoka kwenye karatasi, yakaenda polepole hadi kwenye kiwiko cha Hima, yakashuka hadi kwenye mkono wake wa kushoto ulioshika kalamu, yakarudi. Alikuwa amejua. Mama yule hakuwa mjinga hata siku moja. Akamgeukia mwanawe.

"Madhav. Kimo hiki ni cha nani?"

Hima akainua uso. Sasa akamtazama, wazi, mbele ya wote, bila haya. Madhav naye alimtazama. Ilikuwa ni muda wa mtu kuvuta pumzi moja, lakini Hima aliyaona yote humo: pikipiki, matope, matusi ya ukoo, nyumba ya inchi thelathini na sita, asubuhi zote. Alimwona anafungua mdomo. Alimwona anaazimia.

Halafu Mama Annapurna akaweka bilauri chini, akasema taratibu, "Mwanangu, leo sijala kitu. Kisukari kinanisumbua. Sema tuondoke."

Mkono wa Madhav ukaenda kwenye miwani.

"Mwashi," akasema. "Mwashi alikosea, mama."

Subbayya, aliyejua habari zote tangu mwanzo, akatema mate pembeni, akaondoka.

Hima hakuanguka wala hakulia. Alishangaa tu kuona kitu kama kile kinaweza kutokea mchana, watu wakinywa mtindi. Mtu huyu alikuwa na ujasiri wa kujenga jiko zima kwa kimo chake, tofali juu ya tofali, mafundi wakitazama. Jina lake tu ndilo lililomshinda. Na bado lawama ameitupa kwa mwashi, maskini, aliyefuata uzi aliopewa.

"Nilijua," Mama Annapurna akasema, na mabega yake yakashuka kwa raha. "Waashi wa siku hizi! Basi avunje, ajenge upya. Binti, mpime mkwe wangu."

Kwa hiyo Hima akampima. Akakata uzi mpya kwenye kibunda, akamwambia Swarupa avue ndala, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Akabana ncha kwa kidole gumba kando ya kisigino cha msichana. Kilikuwa kisigino kidogo, kimepakwa rangi nyekundu pembeni.

"Kunja mkono, mdogo wangu. Kama umeshika mwiko. Usijikaze, mwashi akikupima umejikaza utapika umejikaza."

Swarupa akalegea. Hima akapandisha uzi, akafika kwenye kiwiko, akapiga fundo. Nyuso zao zilikuwa karibu sana.

"Dada," Swarupa akanong'ona. "Wewe ni wa kushoto."

Hima akalikaza fundo.

"Karatasi ilisema kinu kushoto." Kicheko chote kilikuwa kimemtoka msichana. Akaitazama alama ya chaki ya thelathini na sita, akakitazama kiwiko cha Hima aliyekuwa ameinuka, kiganja kimoja tu juu ya alama ile. "Dada Hima. Kile kimo kilikuwa cha nani?"

Hapo Hima angeweza kumaliza kila kitu. Neno alilolikimbia Madhav lilikuwa sasa mdomoni mwake, na msichana alikuwa amelifungulia mlango. Akiliachia, harusi imekufa leo leo. Lakini akaona itakavyokuwa. Atampata mwanamume aliyeletwa na mikono ya wengine, ambaye kila mama yake akisusa sahani atafuta miwani. Akamtazama Swarupa, akamhurumia, na kujihurumia mwenyewe.

"Kilikuwa cha mtu aliyekuwa anakuja hapa zamani," akasema. "Haji tena."

Swarupa alibaki ameinamisha macho. Kisha akavaa ndala zake, akaenda kwenye kipande cha marumaru, akakitia chini ya bomba. Alisugua kwa kidole, akasugua kwa ukucha, akasugua kwa pindo la dupata yake, ule mtandio wa begani. Ukwaju ulitoka. Manjano hayakutoka. Duara dogo la njano lilibaki pale, na ndani yake jiwe lilikuwa limepoteza mng'ao.

"Shangazi," akasema bila kugeuka, "nimebadili. Sitaki nyeupe."

"Si nilikwambia!"

"Nyeupe inaonyesha kila kitu, na mimi ndiye nitakayekaa humo. Nipeni nyeusi." Akajipangusa mikono, akamgeukia Madhav kwa mara ya kwanza tangu waingie. Sauti ilikuwa ya chini lakini haikutetemeka. "Na kinu kihamie kulia. Mimi nasaga kwa kulia, binamu. Usisahau tena."

Madhav akawa mwekundu mpaka shingoni. Mama Annapurna akaanza kuongea kwa haraka juu ya ncha za jiwe, kwamba ziwe za mviringo zisije zikamuumiza mtoto, Mungu akijalia. Hima akaandika yote: nyeusi, ncha za mviringo, kinu kulia, kimo inchi thelathini na mbili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Walipokuwa wanatoka, Madhav alibaki nyuma hatua mbili. Uzi wa bluu ulikuwa juu ya meza ya oda, mahali alipouacha. Akautazama, akamtazama Hima.

"Nisamehe," akasema kwa sauti ya kumezwa. "Hima, naomba unisikilize, mama akipata nafuu, mimi nita..."

Langoni Mama Annapurna alikuwa amesimama, ameshika mlango wa teksi, anasubiri. Swarupa naye alikuwa anatazama. Hima akaikunja karatasi mara mbili, akanyanyua sauti kidogo, kama mtu anayetaka mteja wake wa mbali amsikie vizuri.

"Jiwe litakuwa tayari Alhamisi, kaka."

Madhav akasimama kama aliyepigwa. Miwani ilikuwa mkononi, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtoto. "Umeniita nani?"

"Kaka Madhav," Hima akasema, mbele ya mama yake, mbele ya mchumba wake, mbele ya dereva wa teksi na jirani aliyekuwa anaanika nguo juu ya ukuta. "Alhamisi. Njoo na mwashi. Na usimkemee, kaka, hakukosea kitu."

Mama Annapurna akafumba macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Swarupa akaingia kwenye gari, akageuzia uso upande wa pili. Madhav alitembea hadi langoni akapita bila kugeuka, akawasha pikipiki mara tatu ndipo ikawaka, akawafuata.

Vumbi lilitulia. Ndani, mzee Venkayya akakohoa, kisha akauliza kwa sauti nyembamba, "Nani walikuwa hapo, mwanangu?"

"Wateja, baba. Kaka mmoja na mchumba wake."

"Wamechukua jiwe gani?"

"Nyeusi, baba."

"Wamechagua vizuri."

Hima akaenda kwenye mabamba. Akachagua lile bora kuliko yote, lenye dhahabu nzito, akaligonga kwa kidole sehemu nane akisikiliza. Halikuwa na ufa. Akachora kwa chaki, inchi thelathini na mbili, tundu la kinu kulia. Subbayya alikuja akasimama karibu yake, akakuna kichwa.

"Baba mdogo, washa msumeno."

"Bado sijapandisha jiwe, mwanangu. Niwashe nikate nini?"

"Washa tu, baba mdogo."

Yule mzee akamtazama, na akaelewa. Akaenda akavuta swichi, msumeno ukanguruma patupu, maji yakaruka. Hima akakaa chini kwenye sakafu ile yenye maji, uzi wa bluu umemzunguka vidole, akafungua mdomo akalia kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemsikia.